Kiti cha Mama Mkwe na Kuku Aliyekikalia

Naitwa Shabani, baba Hadija, dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hapa Kilosa. Babu yangu aliletwa huku na kazi ya mkonge, baba yangu akafanya kazi ya reli, mimi nikaangukia kwenye magari. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi ameshika kifua akidhani anakufa. Ndugu yangu, kaa chini usome. Mimi nimekufa hivyo mara nyingi sana, na jana mchana nilikula sahani mbili za ugali na mlenda.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa vicheko. Nabeba nyanya za Chanzuru, maboga, mchele, vitunguu, napeleka Mikumi na kurudi na chochote kitakachopatikana. Kirikuu kina viti viwili tu mbele, cha dereva na cha abiria mmoja, na pale stendi waliniita Bwana Mkanda, kwa sababu siwashi gari mpaka abiria wangu afunge mkanda. Niliwahi kumshusha mwenyekiti wa kijiji mzima mzima kwa kukataa. Aliposhuka alinitisha, kisha akaona hakuna gari lingine, akarudi, akafunga.

Mkanda wenyewe wa upande wa abiria ulikuwa mbishi. Ulikwama kule juu. Ili utoke, ilibidi mimi dereva nijinyooshe mpaka upande wa pili, nipitishe mkono juu ya bega la abiria, niutikise, niuvute taratibu mbele ya kifua chake, ndipo unakubali. Wanaume tulicheka, kina mama wa sokoni walinitania, kazi inaendelea. Kumbukeni mkanda huo, maana ugonjwa wangu wote ulitoka pale.

Sasa nimtaje mama mkwe wangu, Bibi Mwanahawa, mzaliwa wa Mvumi, ambaye siku hizi anaishi Mikumi kwa shemeji yangu. Kwetu mkwe ni mkwe. Miaka yote niliyokaa na binti yake sijawahi kula naye sahani moja wala kumpa mkono. Nikimkuta njiani nasogea pembeni, nachuchumaa kwa mbali, nasema, "Shikamoo mama." Naye ananiitikia, "Marahaba, mkwe," huku ametazama upande mwingine. Mgeni akituona atadhani tumegombana. Hatujagombana hata siku moja. Tunapendana sana, ila kwa umbali.

Alikuja kwetu kuwaona wajukuu. Siku ya kurudi, basi alilolizoea halikuja, na mimi nilikuwa nimepakia maboga ya kupeleka Mikumi. Mke wangu, Mwajuma, akasema, "Baba Hadija, mpeleke mama." Nikasema sawa, kwani ningesemaje? Mama akapanda, akajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akajibanza mlangoni kama anayetaka kuniachia gari lote. Nikatazama ule mkanda juu ya bega lake. Nikatazama mkono wangu. Kumpitishia mama mkwe mkono kifuani! Hata kumwambia tu "funga mkanda" niliona namwamrisha, tena angeuvuta ukakwama, ningefanyaje? Nikawasha gari. Bwana Mkanda mimi.

Tulipita kijiji cha Ulaya tukiwa hatujazungumza maneno kumi. Mbele kidogo, asubuhi nyeupe kabisa, wakakatiza ngiri. Mama ngiri, mkia juu, na watoto wake nyuma mmoja mmoja. Nikapunguza mwendo, wakapita, nikaona wamekwisha, nikakanyaga mafuta. Kumbe alibaki mmoja mdogo, mchelewaji. Nikamkwepa. Gari likateleza kwenye changarawe, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Maboga yakabingirika mpaka porini.

Mimi nilichubuka mbavu tu. Mama mkwe aligonga kioo cha mbele. Damu ilitoka kwenye paji la uso ikalowanisha kanga, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka vibaya. Baadaye daktari alisema ni mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, umevunjika. Na yeye, katika hali ile, kitu cha kwanza kusema kilikuwa, "Mkwe, umeumia?"

Heri angenitukana.

Wasamaria walitutoa, akafika hospitali, akashonwa, akafungwa mkono. Mama yule ni mgumu. Baada ya miezi miwili alikuwa anapepeta mchele. Aliyebaki mgonjwa ni mimi.

Gari lilitengenezwa, na ule mkanda nikauwekea mpya siku ya kwanza kabisa, unatoka kwa kidole kimoja. Nikapanda niende Chanzuru kupakia nyanya. Kugusa usukani tu, viganja vikalowa jasho. Moyo ukaanza kupiga mpaka nikausikia masikioni. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, na tumbo likavuruga ghafla hivi kwamba niliruka kutoka garini nikakimbilia chooni nikiwa nimeshika suruali. Nilikaa humo nikiharisha na kusoma shahada kwa pamoja. Nilijua ndiyo basi tena.

Nikapona baada ya robo saa. Kesho yake nikajaribu, ikawa vilevile. Nikaacha kujaribu. Watu wakiuliza nasema gari halijakaa sawa. Nilikonda mpaka mkanda wa suruali nikautoboa matundu mapya kwa msumari. Usingizi ukanihama, mambo ya chumbani nayo yakalala. Nikawa mkali. Mtoto akidondosha kikombe, mimi juu. Mwajuma akisema twende tukamjulie hali mama, namwambia, "Nenda wewe." Alikuwa anaenda peke yake kwa basi, anarudi amenuna.

Ushauri haukukosekana. Mmoja akasema ni presha, nikatafuna vitunguu saumu mpaka wanangu wakahama mkeka. Mwingine akasema ngiri yule hakuwa ngiri. Nikafukizwa majani, nikatoka nimekohoa tu.

Hatimaye Mwajuma akanipeleka hospitali hapa Kilosa kwa nguvu. Wakanipima damu, presha, wakanibandika vidude kifuani kupima moyo. Daktari, kijana mtulivu, akatazama karatasi akasema, "Mzee, moyo huu ungekuwa injini, ningesema imetoka dukani jana."

"Sasa mbona nakufa?"

"Hufi. Ulipata mshtuko na haujatoka. Hii ni hofu, na ni ugonjwa kama magonjwa mengine, unatibika. Nitakuunganisha na mshauri nasaha. Mtazungumza kwa simu, kwa video, kila wiki."

Nikamuuliza kama hana sindano. Akacheka.

Hadija, binti yangu mkubwa, akaniwekea kila kitu kwenye simu. Tatizo likawa pa kuzungumzia. Nyumba yetu ina watu wengi na kuta hazifiki juu. Siku ya kwanza nikajifungia chooni, nimesimama, simu nimeielekeza usoni. Akatokea binti mdogo, makamo ya Hadija, kafunga kitambaa kichwani, anatabasamu.

"Shikamoo baba. Naitwa Zawadi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unaendeleaje?"

"Salama tu."

Akauliza habari ya usingizi, nikasema salama. Habari ya chakula, salama. Habari ya gari, salama. Ndugu msomaji, mtu ameshanipa shikamoo, mimi nianze kumwambia naharisha? Mwajuma akagonga mlango, "Baba Hadija, unaongea na nani humo?" nikakata simu. Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wa kwanza.

Wiki ya pili nilihamia kwenye kirikuu. Si kwa ushujaa. Kilikuwa uani, kimezimwa, na ndicho chumba pekee chenye milango inayofungwa. Lakini sikukaa kwenye usukani. Nilipanda nyuma, kwenye bodi, nikajiegemeza kwenye magunia. Zawadi akaniamkia, kisha akasema, "Baba, wiki iliyopita nimekuuliza mambo manne, yote ukasema salama. Mtu aliye salama hivyo kwa nini ananitafuta?"

Nikachezea uzi wa gunia.

"Mimi ni mtoto wako kwa umri, na shikamoo yangu utaipata kila siku. Lakini mtoto naye huwa anamuuguza baba yake. Ukiona haya kunitazama, zima video. Nisikie sauti tu."

Nikaizima. Na mdomo ukafunguka wenyewe. Nilisema yote, ngiri, maboga, damu, tumbo, hata ya chumbani, na mwisho nikasema habari ya mkanda, ambayo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote duniani. Nililia mpaka kamasi zikanishuka kwenye ndevu. Zawadi hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Mama mkwe mwenyewe ulipomwambia, alisemaje?"

"Sijamwambia."

"Pole je, ulimpa?"

"Nilimpelekea sukari na kanga mbili. Kwa mkono wa mke wangu."

Akasema, "Basi tuna safari baba. Tutaanza karibu, tutafika Mikumi."

Akanifundisha kupumua, navuta hewa kwa pua, naitoa polepole kwa mdomo kama anayepoza chai. Halafu akanipa kazi: kila siku nikae dakika kumi kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limezimwa, hofu ikija nisikimbie, nipumue mpaka ishuke yenyewe.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Kuna kuku."

Na kweli alikuwepo. Gari lilikaa sana uani, kioo kimoja wazi, na tetea wetu mwekundu alikuwa ameingia akachagua kiti cha abiria, kile kile alichokalia mama mkwe, akataga mayai kumi na moja na kuyaatamia. Nilishukuru Mungu kwa kuku yule. Nani angenilazimisha kuwasha gari lenye kuku anayelalia?

Zawadi alicheka mpaka akavua miwani. "Vizuri sana. Basi kaeni wawili."

Tukakaa wawili. Siku ya kwanza moyo ulinidunda nikatokwa jasho, na kuku akanidonoa mkono kwa kumtikisa. Maumivu ya kudonolewa yakanifanya nisahau kufa. Siku ya tano nilikaa nusu saa. Nilipumua, kuku akanitazama kwa jicho moja, akafumba. Wanangu wakaja kuchungulia dirishani, "Baba anafundishwa na kuku!" Nikacheka. Mwajuma alikuwa anapembua mchele, akasimama kunisikiliza nikicheka, maana alikuwa hajasikia kitu hicho kwa muda mrefu.

Mayai tisa yalitotolewa, na kisingizio changu kikaondoka kikiwa na miguu kumi na minane. Nikawasha injini. Wiki iliyofuata nikazunguka uwanja wa shule. Kisha nikajitia shujaa. Zawadi aliniambia niishie kona ya kwanza, mimi nikaenda mpaka stendi ili wanione. Mbuzi akakatiza. Hata hakuwa karibu, lakini nilizima gari katikati ya barabara, nikashuka, nikaacha mlango wazi, nikaondoka kwa miguu mpaka nyumbani bila kugeuka. Vijana wa bodaboda ndio walilisukuma kando. "Bwana Mkanda kasusa!" walisema.

Wiki hiyo Zawadi aliponiuliza, nikasema, "Salama tu."

"Salama ya kweli, au ile ya chooni?"

Nikamwambia. Nilidhani tutaanza upya. Yeye akasema kurudi nyuma siku moja hakufuti siku nilizokwenda mbele. Kisha akasema, "Baba, gari unaliweza. Kinachokushika ni kile kiti cha pembeni. Mlete mama Hadija tuzungumze watatu."

Mwajuma akapangusa manyoya ya kuku, akakaa kwenye kiti cha abiria, mikono kifuani. Zawadi akamwamkia, akamwomba aseme lililo moyoni. Mke wangu hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"Miezi saba huyu hajaenda kumsabahi mama yangu. Mama kavunjika kwenye gari lake, yeye anatuma sukari! Najua anachofikiri. Anamwona mama kamletea mkosi. Kama humtaki mama yangu, sema, nijue nakaa na nani."

Nilihisi nimechomwa. "Mimi? Nimwite mama mkosi?"

"Sasa ni nini?"

Zawadi akasema taratibu, "Mwambie, baba, kama ulivyoniambia mimi."

Nikatazama usukani, nikasema. Kwamba nilimfunga mkanda kila abiria niliyepata kumbeba ila mama yake. Kwamba niliona aibu kumpitishia mkono. Kwamba alipovunjika akaniuliza mimi kama nimeumia, na tangu siku hiyo kila nikishika usukani nasikia sauti ile. Mwajuma akashika kichwa.

"Yaani ni hilo? Baba Hadija, ni hilo tu? Mimi nilishaanza kukunja nguo!"

Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na mimi pia, na Zawadi kwenye simu akawa anafuta miwani. Ila nguo alikuwa ameanza kuzikunja kweli. Baadaye nililiona begi chini ya kitanda, na nikapata baridi. Nilikuwa nimekaribia kumpoteza mke kwa neno nililolimeza.

Mwezi uliofuata tulikwenda Mikumi, mimi na yeye. Pale pa mtaroni nilisimamisha gari, nikapumua kama anayepoza chai, Mwajuma akanishika bega. Tumbo likanguruma, nikalingoja. Likatulia. Kando ya mtaro palikuwa na miboga imeota, imetambaa mpaka porini, ina maua. Mwajuma akasema tusisahau kurudi kuvuna.

Bibi Mwanahawa alikuwa uani. Nikachuchumaa kwa mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Umepotea."

"Nimekuja kusema kosa langu, mama." Nikalisema lote, macho chini. "Mkanda niliuona, nikaona aibu. Nisamehe."

Mama, akiwa ametazama ukuta, akasema, "Na mimi niliuona."

Nikainua kichwa.

"Niliuona mkwe. Sikujua unavyovutwa. Nikasema nikimuuliza mkwe atanivutia yeye, nitaweka wapi uso? Nikanyamaza. Na wewe ulipoacha kuja, nikasema basi, mkwe kanichukia, anadhani niliacha mkanda kwa ubishi, tena maboga yake yamemwagika." Akavuta kanga mdomoni. "Wazee wazima, tumepanda gari na adabu zetu mpaka mtaroni."

Mwajuma alikuwa amekaa chini kabisa kwa kucheka.

Leo ni zaidi ya mwaka tangu ajali. Sikuponywa siku moja, na bado lori kubwa likinipita kwa kasi vidole vinaingia ganzi kidogo. Napumua, naendelea. Nimenenepa, matundu yale ya mkanda wa suruali siyahitaji tena. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari ambaye hakunipa sindano, namshukuru Zawadi, ambaye mpaka leo sijamwona ana kwa ana na ambaye nikimwona nitampa tetea mmoja wa uzao ule. Na wewe unayesoma, nakuomba jambo moja tu. Ukipimwa ukaambiwa moyo ni mzima na bado unakufa kila siku, usione haya kuzungumza na mshauri, hata kama ni mtoto wa kumzaa, hata kama ni kwa simu ukiwa umekaa juu ya magunia. Akikuuliza unaendeleaje, usimwambie salama. Mwambie ukweli.

Siku ile ile ya Mikumi, mama aliomba kurudi nasi kuwaona wajukuu na vifaranga alivyosimuliwa na Mwajuma. Viti viwili, watu watatu. Mwajuma akasema, "Mimi napanda basi. Nyinyi mna mazungumzo yenu," akaondoka bila kungoja jibu. Nikazunguka, nikapanda, nikashika usukani. Viganja vikalowa. Safari hii sikulimeza neno.

"Mama, naomba ufunge mkanda."

Bibi Mwanahawa, kanga kichwani, uso dirishani, akajibu, "Nimefunga kabla hujapanda, mkwe. Ninayemngoja ni wewe."

Nikajitazama kifuani. Bwana Mkanda mzima nilikuwa sijafunga wangu.